Daftari la gesti na fomu ya tovuti

Kama umewahi kulala gesti hapa Dar, unalijua lile daftari. Kubwa, jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi, liko wazi juu ya kaunta usiku na mchana. Jina, kabila, kazi, umetoka wapi, unakwenda wapi, namba ya simu, sahihi. Ukiinama kujaza mstari wako, macho yanapanda yenyewe mstari wa juu: kumbe chumba namba 6 yupo fulani, mfanyabiashara, katokea Njombe. Na atakayekuja nyuma yako atakusoma vilevile.

Mwaka jana mama mmoja mwenye gesti Sinza aliniita nimtengenezee tovuti upya. Mimi ni fundi wa tovuti, ofisi yangu ni chumba kimoja Makumbusho, juu ya duka la vipuri vya bodaboda, na wateja wangu ni wa saizi yangu: gesti, saluni, maduka ya vitenge, zahanati moja. Nikamwamkia, akanikaribisha chai, kisha akalisogeza daftari mbele yangu.

"Mwanangu, fomu ya kwenye tovuti iwe hivihivi. Usipunguze hata kimoja."

"Na kabila, mama?"

"Si ndivyo daftari lilivyo?"

Ilituchukua jioni tatu kumaliza ubishi huo, na katika kuumaliza tukajikuta tumeipekua tovuti nzima. Naeleza tulivyofanya, kwa mpangilio uleule, ili mwenye tovuti ndogo kama yake aweze kufanya mwenyewe. Huhitaji pesa. Unahitaji karatasi, kalamu, na mtu wa kubishana naye.

Kompyuta iache kwanza

Chukua karatasi, piga mistari upate safu nne: tunauliza nini, tunakiulizia nini, kinakaa wapi, tutakifuta lini. Kisha shuka na fomu yako kipengele kimoja kimoja. Safu ya pili ndiyo yenye kazi. Ukishindwa kuijaza kwa sentensi moja ambayo ungeweza kumwambia mgeni usoni, kipengele hicho kinaondoka.

Jina: tumwiteje akifika. Kinabaki. Simu: akichelewa tumpigie kabla hatujampa mtu mwingine chumba. Inabaki. Tarehe ya kufika, siku ngapi, chumba cha feni au cha AC. Vinabaki. Kazi? Mama akafikiri, akasema, "Nijue kama ni mtu wa maana." Nikamuuliza kama amewahi kumkatalia mtu chumba kwa sababu ya kazi aliyoandika. Hajawahi. Ikaondoka.

Kabila lilichukua nusu ya jioni ya kwanza. Hoja yake ilikuwa daftari. Hoja yangu ilikuwa kwamba daftari la kaunta lina utaratibu wake na silihusu, lakini mtu anayeuliza usiku wa Jumanne kama Ijumaa kutakuwa na chumba hajawa mgeni bado. Huyo ni kama mtu aliyesimama mlangoni akauliza bei. Humshiki mkono ukamuuliza kabila lake. Tena asili ya mtu, pamoja na afya yake, dini yake na msimamo wake wa kisiasa, sheria yetu inaziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, zenye masharti makali kuliko nyingine. Kwa nini ubebe mzigo wa namna hiyo kwa faida ya sifuri?

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo aliyoing'ang'ania zaidi, kwa sababu ya usalama. Nikamwomba kitambulisho chake, nikaweka kidole kwenye tarakimu za mwanzo. Namba ile ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Akaisoma yake kwa sauti, akacheka, akakigeuza kitambulisho kifudifudi mezani. Ukimwomba mtu NIDA, umemwomba na umri bila kuuliza umri. Na namba hiyo ndiyo iliyosajilia laini yake ya simu. Mgeni aonyeshe kitambulisho akiwa kaunta, mkikiangalia mrudishieni. Kwenye fomu ya tovuti hakina kazi.

Lile boksi la "maelezo mengine"

Hapa wengi wanapita tu, nami nilikuwa napita. Kila fomu ina boksi kubwa mwishoni ambalo mtu anaandika atakacho. Tulifungua ujumbe wa zamani wa tovuti yake, wa miaka kama minne hivi. Mmoja aliandika kwamba atafika usiku na basi, na asubuhi anampeleka mkewe Ocean Road.

Mtu wa Dar akisoma hivyo hahitaji kuelezwa ugonjwa. Ocean Road ni hospitali ya saratani. Kwa sentensi moja ya adabu mgeni yule alitupa jina lake, simu yake, na siri ya mkewe, na sisi tukaihifadhi miaka mitatu pamoja na maswali ya maegesho. Hakuna aliyemuuliza. Boksi ndilo lililomuuliza.

Kulifuta hatukulifuta, maana wapo wanaolihitaji kweli. Tulibadilisha maneno yake. Badala ya "Maelezo mengine" likawa "Kuna chochote kuhusu chumba? Mfano: ghorofa ya chini, kitanda cha mtoto." Chini yake herufi ndogo: "Tafadhali usiandike habari za afya au namba za vitambulisho." Tangu hapo watu wanaandika ghorofa ya chini.

Kile ambacho tovuti inakusanya bila kuuliza

Fomu ni sehemu ndogo tu. Mgeni akifungua ukurasa wako, hata asipojaza chochote, seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, inaandika mstari: anwani ya IP (namba ambayo kifaa kinaingilia nayo mtandaoni), saa, ukurasa uliofunguliwa, aina ya simu na kivinjari, na mara nyingi alikotokea. Saa 3:07 usiku, simu ya Android, ukurasa wa vyumba, katokea Facebook. Anwani ya IP peke yake haimtaji mtu, hasa hapa ambapo kampuni za simu zinawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, lakini ukiiunganisha na saa na kumbukumbu za kampuni ya simu inaweza kumfikia mtu. Basi ni taarifa binafsi, ihesabu hivyo. Ingia kwenye paneli ya kampuni inayokuhifadhia tovuti, tafuta kumbukumbu hizo zinakaa muda gani, punguza. Sisi tuliweka siku 30. Zinatosha kugundua kama kuna anayejaribu kuvunja mlango.

Halafu vidakuzi (cookies), vile vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu au kompyuta ya mgeni. Kidakuzi si kirusi, jamani, wala hakichimbi simu yako. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa Netscape, alitafuta njia ya tovuti kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, akaja na kidakuzi. Ni kama kile kibati chenye namba unachopewa supamaketi ukiacha begi mlangoni. Kibati hakijui kilichomo begini, kinajua tu kwamba wewe ndiye 47. Shida inaanza pale ambapo mgawa vibati ni mmoja katika maduka yote ya mji, na kila duka unaloingia anaandika: 47 kaingia duka la dawa, 47 katoka, 47 yuko gesti.

Kuviona vya kwako ni rahisi. Kwenye kompyuta fungua Chrome, dirisha fiche (incognito), nenda kwenye tovuti yako, bonyeza F12, chagua Application, kisha Cookies. Ukikuta PHPSESSID, hicho ni kibati cha tovuti yako mwenyewe. Ukikuta jina linaloanza na _ga, ni la Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, na kwa mpangilio wake wa kawaida limewekwa likae miaka 2. _fbp ni la Facebook, la mambo ya matangazo, siku 90.

Kwenye tovuti ya mama tulivikuta vyote vitatu. Nikamuuliza kama analipia matangazo Facebook. Hajawahi kulipia hata shilingi. Fundi aliyenitangulia alikibandika hicho cha Facebook kwa mazoea tu, na kwa muda wote huo kila aliyetazama vyumba vya gesti ile Facebook ilipata habari. Fikiria tovuti ya gesti, mtu ana sababu zake. Tukakiondoa palepale. Ramani tuliigeuza ikawa picha ya kawaida yenye kiungo, ili Google isijulishwe mpaka mtu mwenyewe abonyeze. Kitufe cha WhatsApp kilikuwa kiungo cha kawaida tu, hakitumi kitu mpaka kibonyezwe, tukakiacha. Kuhesabu wageni, badala ya Google Analytics tukaweka Matomo, programu ya kazi hiyohiyo, kwenye seva yake mwenyewe, vidakuzi vikiwa vimezimwa. Na lile tangazo linaloziba nusu ya skrini, "Tunatumia vidakuzi, kubali," ambalo wengi wetu tunaliiga kwa Wazungu bila kujua linaombea nini, likakosa kazi. Hapakubaki cha kumwombea mgeni ruhusa.

Fuata jina la uongo linakokwenda

Hili ndilo zoezi nililolipenda kuliko yote, na siku hizi nalifanya kwa kila mteja. Jaza fomu yako mwenyewe kwa jina ambalo huwezi kulisahau. Sisi tuliandika "Bwana Jaribio Embe". Kisha kaa kimya, usimwambie mtu, ngoja uone Embe atatokea wapi.

Dakika ya kwanza alitokea kwenye hifadhidata ya tovuti, kama ilivyotarajiwa. Ya pili, kwenye Gmail, ambayo ilikuwa wazi kwenye simu ya mpwa wa mama anayesoma chuo. Robo saa baadaye mpwa akapiga picha ya skrini, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Watu tisa. Mama alipoanza kuwataja mmoja mmoja, alifika wa saba akanyamaza. "Huyu si aliacha kazi mwezi wa nne?" Aliacha kazi, lakini kundi hakuliacha. Jioni Embe akaandikwa kwenye kijitabu cha kaunta. Na mimi nilipofungua mafaili ya tovuti kutafuta sehemu ya tano, nikakuta kitu kibaya zaidi: faili la zip, nakala ya akiba ya tovuti nzima pamoja na ujumbe wote wa wageni, fundi wa zamani ameliacha kwenye folda ileile inayoonekana na dunia. Anayejua au kubahatisha jina lake angelishusha bila nywila.

Kwa hiyo angalia folda yako kuu, ile inayoitwa public_html kwenye seva nyingi. Mafaili yanayoishia na .zip au .sql hayana kazi humo. Yahamishe leo, usingoje kumaliza kusoma.

Yaliyobaki yalikuwa ya kibinadamu kuliko ya kiufundi. Ujumbe sasa unafika sehemu moja, simu ya kaunta, ambayo ni ya gesti na hailali nyumbani kwa mtu. Akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili. Kundini yanaandikwa haya tu: "Ijumaa, chumba cha AC, siku mbili." Msafishaji wa vyumba hahitaji jina la mgeni. Na mtu akiacha kazi, siku hiyohiyo anatolewa kundini na nywila zinabadilishwa, hata kama ameondoka kwa wema.

Karatasi nazo. Siku moja pale kituoni Makumbusho nilinunua karanga za mia tano, nikala hadi mwisho, nikaikunjua ile karatasi kama tunavyofanya wote. Ilikuwa ukurasa wa fomu ya mkopo: jina kamili, mtaa, simu, simu ya mdhamini. Sijui ilitoka ofisi gani na hata ningejua nisingeitaja. Niliichana vipande nikavitia mfukoni, na tangu hapo kila mteja wangu namwambia kwamba chapisho la kompyuta halipewi muuza karanga wala haliwekwi kwenye pipa likiwa zima. Mama anayachoma kwenye jiko la mkaa. Sawa kabisa.

Sheria, kwa ufupi

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia hapa Dar tarehe 3 Aprili 2024. Kwa lugha ya sheria hiyo wewe mwenye gesti ni mkusanyaji, kampuni inayokuhifadhia tovuti ni mchakataji, na wote mnatakiwa kusajiliwa na Tume. Usijidanganye kwamba ni ya mabenki tu. Mgeni ana haki ya kujua una nini juu yake, kukiona, kurekebishiwa kilichokosewa, na kukukataza kumtumia matangazo. Kama seva yako iko nje ya nchi, na nyingi ziko huko kwa sababu ya bei, kuna masharti ya kusafirisha taarifa nje, kwa hiyo muulize anayekuhifadhia iko nchi gani na uliandike jibu kwenye ile karatasi.

Kufuli la HTTPS, yaani usiri wa njia kati ya simu ya mgeni na tovuti yako, sitalisema sana. Cheti chake kutoka Let's Encrypt ni bure, kinadumu siku 90, hakikisha kinajihuisha chenyewe. Kufuli linaonyesha kwamba njia imezibwa wachunguliaji, haliapi kwamba mwenye nyumba ni mwaminifu.

Sasa ndipo uandike sera ya faragha

Nina aibu moja ya kueleza. Miaka ya nyuma nilimtengenezea mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo tovuti, na sera ya faragha nikaichukua nzima mtandaoni, nikabadilisha jina la duka. Sikuisoma. Baada ya miezi mteja wake mmoja, mzee aliyestaafu mwenye muda wa kusoma, akampigia simu: "Mwanangu, humu mmeandika tukigombana kesi itasikilizwa California. Nauli ya huko ni yako au yangu?" Mwenye duka akanipigia mimi, na hakuwa anacheka.

Sera inaandikwa mwisho kwa sababu inatoka kwenye karatasi yako ya safu nne. Ukiwa nayo huna cha kunakili. Ya mama wa Sinza inasomeka hivi, yote:

"Ukitaka kushikiwa chumba tunakuomba jina, namba ya simu, tarehe na aina ya chumba. Tunavitumia kukuwekea chumba na kukupigia ukichelewa. Vinasomwa na mtu wa kaunta na mwenye gesti tu. Tunavifuta siku 30 baada ya kuondoka kwako, au baada ya tarehe uliyoomba kama hukufika. Risiti na hesabu za kodi tunazitunza kwa muda unaotakiwa na sheria. Tovuti yetu inatunza kumbukumbu za kiufundi, pamoja na anwani ya IP, kwa siku 30. Hatumpi wala kumuuzia mtu taarifa zako kwa matangazo. Tutakutumia habari za ofa ikiwa tu umeweka alama kwenye kiboksi, na unaweza kujitoa wakati wowote. Tovuti inahifadhiwa kwenye seva iliyoko Ujerumani. Kuona, kusahihisha au kufutiwa taarifa zako, piga simu ya kaunta. Tusipokuridhisha, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi."

Hapa wengi wanateleza: kiboksi cha ofa kinaanza kikiwa kitupu. Ukikiweka alama wewe mwenyewe halafu ukamwachia mgeni aitoe, hajakubali, amechelewa kuona. Na usikiunganishe na kushika chumba. Anayetaka chumba hajaomba meseji za Pasaka.

Siku 30 nazo zisiwe za maandishi tu. Mhudumu wa kaunta ana ukumbusho kwenye simu kila tarehe 1: fungua tovuti, futa za nyuma, futa na kwenye barua pepe, kisha umwage na pipa la taka la barua pepe. Wengi wanasahau pipa.

Mwezi wa pili baada ya kuizindua, mtu alipiga simu akaomba jina lake lifutwe. Mhudumu alitaka kumuuliza sababu, mama akamkonyeza aache. Wakamwomba ataje namba na tarehe aliyofika, ili wasije wakamfutia mtu mwingine kwa maneno ya mtu wa pembeni, wakafuta, wakampigia kumjulisha. Dakika sita.

Nilipita Sinza wiki iliyopita kudai malipo yangu ya mwisho. Daftari liko palepale kaunta, kalamu na uzi wake. Ila juu yake mama amelaza kipande cha boksi la sabuni, amekikata katikati dirisha la mstari mmoja. Mgeni anasogeza dirisha chini, anaandika wake, basi. Sikumwambia mimi afanye hivyo.